Trela Iliahidi Zimwi: M. Night Shyamalan na Deni la Matangazo

Tarehe 30 Julai 2004 filamu ya The Village, iliyoongozwa na M. Night Shyamalan, ilianza kuonyeshwa Marekani. Siku tatu za kwanza iliingiza takriban dola milioni 50.7, pesa nzito kwa filamu iliyogharimu kama milioni 60. Wikiendi iliyofuata mapato yakaporomoka kwa zaidi ya asilimia 65. Watazamaji wa usiku wa kwanza, waliojaza kadi za maoni za kampuni ya CinemaScore, waliipa alama ya C. Shuleni C ni wastani. Kwa CinemaScore, C ni habari mbaya, kwa sababu anayelipa tiketi usiku wa kwanza amekuja akiwa tayari kupenda, na filamu ya kawaida kabisa hutoka pale na B au A ya chini.

Wengi walikata shauri papo hapo kwamba mwongozaji ameishiwa. Mimi nashikilia kwamba sehemu kubwa ya waliotoka ukumbini wamekunja uso walikuwa wanadai kitu ambacho filamu haikuwahi kuwaahidi. Aliyewaahidi ni trela. Ukitaka kumhukumu M. Night Shyamalan kwa haki, tenganisha madeni mawili: deni la filamu na deni la tangazo lake. Masimulizi yaliyozoeleka juu yake huyachanganya, na ndiyo maana kazi yake husimuliwa kama mteremko mmoja mrefu, wakati ukiikagua filamu kwa filamu unaona kitu kingine.

Tahadhari kabla ya kuendelea: nitafichua miisho ya The Village, Unbreakable na Split. Huwezi kujadili tangazo lililoficha jambo bila kulitaja lenyewe.

Kilichouzwa na kilichokuwemo

Trela ya The Village ilijengwa juu ya masharti matatu. Rangi mbaya isionekane, kwa maana inawavuta. Usiingie msituni, kwa maana ndiko wanakosubiri. Isikilize kengele ya onyo, kwa maana wanakuja. Katikati ya masharti hayo kuna msitu wa miti mikavu, watu waliovaa majoho ya manjano, umbo jekundu linalopita haraka, na milango inayofungwa kwa hofu. Mtu yeyote aliyezoea filamu za kutisha anajua kuusoma mkataba huo: kuna masharti, mmoja atayavunja, zimwi litaingia kijijini, watu watakufa mmoja mmoja.

Sasa tazama kilichomo. Kundi la watu wazima waliopoteza ndugu zao kwa ukatili wa mijini wamekimbilia katikati ya hifadhi iliyozungushiwa ukuta. Humo wamejenga kijiji kinachoishi kana kwamba ni mwaka 1897, ilhali nje ya ukuta ni zama zetu hizi. Mazimwi ni wazee wenyewe waliovaa mavazi ya manyoya na majoho mekundu, ili watoto waliozaliwa humo wasithubutu kutoka. Kijana Lucius anapochomwa kisu, msichana kipofu anayempenda, Ivy, anatumwa kuvuka msitu kutafuta dawa. Muda mwingi wa filamu ni mazungumzo ya sauti ya chini: watu wasiothubutu kutamka mapenzi yao, wazazi wanaopima kama uwongo uliojengwa kwa nia njema bado ni uwongo. Damu ni kidogo sana. Matukio ya hofu yenyewe yanahesabika.

Kuna sini moja inayoonyesha jinsi picha zilezile zinavyoweza kubeba bidhaa mbili tofauti. Usiku kengele imelia, familia imejificha chini ya sakafu, na Ivy amesimama mlangoni akiwa ameunyoosha mkono nje gizani, akimsubiri Lucius. Haoni. Zimwi linakaribia kwa mbele. Sekunde za mwisho Lucius anatokea, anaushika mkono ule na kumvuta ndani. Hapo mwendo wa picha unapungua, na fidla ya Hilary Hahn inapanda katika muziki wa James Newton Howard, muziki ulioteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Ukiiona nzima, ni sini ya mapenzi, pengine nzuri kuliko zote alizowahi kutengeneza Shyamalan: amejua kwamba atakuja, na amekuja. Ikate nusu sekunde kabla mkono haujashikwa, ondoa fidla, weka kishindo cha ngoma na giza, nawe una tangazo la filamu ya mazimwi. Hakuna picha iliyoghushiwa. Kilichobadilika ni mahali mkasi ulipopita na sauti iliyowekwa chini yake.

Uuzaji huo haukuishia kwenye trela. Mwezi huohuo wa Julai 2004 chaneli ya Sci Fi ilirusha kipindi kirefu kilichojidai kuwa cha uchunguzi, The Buried Secret of M. Night Shyamalan, kikimpa mwongozaji siri ya kimizimu tangu utotoni na kuonyesha kana kwamba yeye mwenyewe anajaribu kukizuia kisitengenezwe. Chaneli ikakiri baadaye kwamba ilikuwa hadithi ya kutunga, na Shyamalan alishiriki. Kwa hiyo sitasema hana mkono katika ahadi zilizotolewa kwa jina lake. Usiri na mgeuko wa mwisho vilikuwa mtaji wake, na aliufanyia biashara kwa hiari.

Mkasi wa trela unapita mkononi mwa nani

Watu wengi hudhani mwongozaji ndiye anayekata trela. Kwa filamu za studio kubwa za Marekani kawaida sivyo. Idara ya masoko ya studio huikabidhi kazi kampuni za nje zinazoishi kwa kukata matangazo, mara nyingi zaidi ya moja kwa filamu moja, zikishindana kwa matoleo. Hata mwongozaji mwenye haki ya kauli ya mwisho juu ya filamu yake, haki hiyo inahusu filamu. Kwenye tangazo anaweza kuombwa maoni, na studio ikayapima dhidi ya matokeo ya majaribio.

Kazi yenyewe huanza mapema, mara nyingi filamu ikiwa haijamaliza kuhaririwa, pengine hata upigaji picha haujakwisha. Mhariri wa trela anapewa picha ghafi. Anazipitia zote na kutenga vipande teule: nyuso, mikono, milango, miruko. Kisha anaandika orodha ya kila sentensi inayoweza kusimama peke yake bila muktadha. Sentensi hizo ndizo uti wa mgongo, kwa sababu katika trela sauti huachana na picha. Neno lililosemwa mezani kwa upole linawekwa juu ya picha ya mtu anayekimbia, na maana inageuka bila mwigizaji kurudia lolote.

Muziki mara nyingi huchaguliwa kabla ya mpangilio wa picha kukamilika. Muziki wa filamu yenyewe huwa haujarekodiwa bado, hivyo kinachotumika ni ala za kununua au zilizotungwa kwa ajili ya tangazo, na picha hukatwa kufuata mapigo yake. Hapa ndipo aina ya filamu inapogeuzwa kirahisi kuliko kwingine kote. Mtazamaji huamini sikio kabla ya jicho: kilio cha nyuzi kali kikitangulia, hata mtoto anayecheza uani anaonekana yuko hatarini. Mwishoni kuna kanuni ambayo utaikuta karibu kila trela ya kutisha: kasi inapanda, jina la filamu linatokea, kimya, halafu mshtuko mmoja wa mwisho.

Toleo la kwanza la kuonjesha huwa la dakika moja hadi moja na nusu, trela kamili dakika mbili na kitu, na matangazo ya televisheni sekunde 30 au 15. Kikomo kilichozoeleka kumbini kwa muda mrefu kilikuwa dakika mbili na nusu. Mwaka 2014 chama cha wamiliki wa kumbi za Marekani kilipendekeza dakika mbili, kwa hiari. Kadiri muda unavyopungua ndivyo ukweli unavyominywa. Sekunde 15 haziwezi kueleza kwamba filamu ni ya mapenzi yenye hofu ndani yake. Zinatosha kwa zimwi tu.

Na msichukulie lile bango la kijani la chama cha studio, MPA, linalotangulia trela, kuwa ni muhuri wa ukweli. Wakaguzi wale huangalia kama tangazo linafaa machoni pa watazamaji litakakoonyeshwa: damu, uchi, matusi. Hakuna anayekagua kama trela inafanana na filamu.

Sababu za kugeuza aina ya filamu ni za kibiashara na hazina fumbo. Siku tatu za kwanza zinategemea tangazo, wiki zinazofuata zinategemea midomo ya watu. Idara ya masoko hupimwa zaidi kwa zile siku tatu. Mara nyingine jaribio mbele ya watazamaji huzaa uamuzi mzima: Kangaroo Jack ilianza kama vichekesho vya wahalifu kwa watu wazima, waliojaribishiwa wakampenda kangaruu, filamu ikakatwa upya iwe ya familia, na mapema 2003 ikauzwa kwa matangazo ya kangaruu anayeongea. Ndani ya filamu anaongea kwa muda mfupi sana. Ilishika nafasi ya kwanza wikiendi yake ya kwanza, na hapo lengo la tangazo lilikuwa limetimia.

Namna tatu za kuficha

Si kila tangazo linaloficha linadanganya, na Shyamalan ndiye mfano bora kabisa kwa sababu kwake zimetumika namna zote.

The Sixth Sense ya 1999 iliuzwa kwa sentensi ya mtoto anayesema kwamba anaona watu waliokufa. Katika filamu sentensi hiyo huja katikati, na ingekuwa siri nzuri. Studio ikaitoa hadharani, na kwa kuitoa ikailinda siri kubwa zaidi ya mwishoni, maana mtazamaji aliingia akidhani siri anaijua tayari. Wakati huohuo aina ya filamu ilikuwa ya kweli: mizimu iliahidiwa, mizimu ikapatikana. Wikiendi ya kwanza iliingiza takriban milioni 26.7 Marekani na ikamaliza na milioni 293 hukohuko. Gawanya jumla kwa wikiendi ya kwanza, unapata 11. Kizidishi hicho ni kipimo rahisi ambacho yeyote anaweza kukikokotoa: karibu na 2 maana yake watu walikwenda na hawakumshauri mwenzao aende, 3 ni hali nzuri, 4 na kuendelea, midomo ya watu imefanya kazi. The Village ilimaliza na milioni 114, yaani kizidishi kama 2.25.

Namna ya pili ni ya Unbreakable, iliyotoka Novemba 2000. Hii ni filamu ya shujaa wa vitabu vya katuni kwa asilimia mia: inafunguliwa kwa maandishi kuhusu vitabu hivyo, shujaa anajigundua, mshauri wake anaishi kwa kuuza michoro ya katuni, na mwisho mshauri anafichuka kuwa ndiye adui. Studio iliogopa kuitangaza hivyo. Shyamalan amesema mara nyingi kwamba hawakutaka maneno ya vitabu vya katuni yatajwe, wakiona yatawavutia wachache tu. Ikauzwa kama fumbo la kimizimu: mtu mmoja amepona ajali ya treni bila hata mkwaruzo, kwa nini? Mwigizaji ni Bruce Willis, jina la mwongozaji ni lilelile, kwa hiyo watu walikwenda kutafuta The Sixth Sense ya pili. Wakatoka na C. Mwongozaji mwenzake Quentin Tarantino, aliyeiweka kwenye orodha yake ya filamu 20 anazozipenda zilizotoka tangu 1992, alililaumu tangazo waziwazi. Kwa maoni yake ingepaswa kuuzwa kwa swali la Superman asiyejijua kuwa ni Superman. Naafikiana naye kabisa. X-Men ilikuwa imeshafanikiwa miezi minne tu kabla, hivyo hofu ya studio ilikuwa imepitwa na wakati hata siku filamu inaingia kumbini.

Namna ya tatu ni Split, iliyoingia kumbini Januari 2017. Matangazo yalisema ni filamu ya mtekaji mwenye nafsi nyingi, na ndivyo ilivyokuwa mwanzo hadi mwisho. Lililofichwa ni kwamba inaishi katika dunia ya Unbreakable: sini ya mwisho, mgahawani, muziki wa filamu ile unarudi na Bruce Willis ameketi pale. Hapa mtazamaji alipewa alichonunua, halafu akaongezewa. Kizidishi chake kilikuwa karibu 3.5, na filamu iliyogharimu milioni 9 ikaingiza zaidi ya milioni 270 duniani.

Kwa hiyo mpaka naujua uko wapi. Kuficha tukio ni halali, na mtazamaji hushukuru. Kuficha aina ya filamu ni kumpeleka mtu ukumbini akiwa na kipimo kisicho chake, na hasira yake hulipwa na mwongozaji.

Alama zinavyosomwa vibaya

Ukiuliza Shyamalan anaonwaje na wahakiki, utapewa asilimia za Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki. Asilimia ile haipimi ubora. Inahesabu wahakiki wangapi wameridhika, basi. Chukua wahakiki kumi. Filamu ya kwanza, sita wanaipa 6 kati ya 10 na wanne wanaipa 5. Filamu ya pili, sita wanaipa 10 na wanne wanaipa 1. Zote mbili zinaandikwa asilimia 60, kiwango cha chini cha kuhesabika kuwa imefaulu. Lakini ya kwanza ina wastani wa 5.6 na hakuna atakayeikumbuka. Ya pili ina 6.4, na watu watagombana juu yake kwa miaka ishirini. Shyamalan yuko zaidi upande wa filamu ya pili. Kwa mwongozaji wa namna hiyo asilimia ndiyo takwimu duni kuliko zote. Tazama wastani, na Metacritic, tovuti nyingine ya aina hiyo, ambayo hupima kwa uzito kati ya 0 na 100, kisha usome mhakiki mmoja kwa mfululizo.

Mhakiki anayefaa kusomwa hivyo ni Roger Ebert, kwa kuwa alizihakiki nyingi na kwa nyota zilezile nne. The Sixth Sense, nyota tatu. Unbreakable, tatu. Signs ya 2002, nne kamili. The Village, moja. The Happening ya 2008, ambayo wengi waliifanya kichekesho, tatu. The Last Airbender ya 2010, nusu nyota. Hiyo si ngazi inayoteremka. Ni mtu anayeipima kila kazi upya, bila kujali mwaka uliopita gazeti lilisema nini. Magazeti nayo yalikuwa na mchango wake: Agosti 2002 Newsweek ilimweka kwenye jalada na kumtangaza kuwa Spielberg ajaye, yaani mrithi wa mwongozaji mashuhuri Steven Spielberg. Hilo nalo ni tangazo, tena la kupotosha, na miaka miwili baadaye alihukumiwa kwalo. Ufaransa, ambako ahadi hiyo haikuwa na uzito uleule, jarida la Cahiers du cinéma liliendelea kumtetea katika miaka ambayo Marekani ilikuwa imeshamtupa.

Kuhusu The Village, Ebert na mimi hatukubaliani, lakini mashtaka yake yalilenga filamu yenyewe, hasa mwisho wake, ambao aliuona dhaifu mno kubeba yaliyotangulia. Huo ni uhakiki halali. Unautambua kwa jaribio rahisi: je, lawama ingebaki hata kama mtu hakuona trela? "Haitishi" haibaki, kwa sababu filamu haikudai kutisha kwa kiasi hicho. "Mazungumzo ya kale yamekakamaa" inabaki, ingawa ina jibu: wanaozungumza ni watu wanaoigiza karne isiyo yao. "Fumbo la mwisho linaeleza mno" inabaki, na haina jibu zuri.

Linganisha pia wahakiki na CinemaScore. Wote wakiikataa filamu, kasoro inaelekea kuwa ndani yake. Wahakiki wakigawanyika au kusifu huku watazamaji wa usiku wa kwanza wakitoa C au D, mtuhumiwa wa kwanza ni tangazo. Hilo limetokea kwa filamu nyingi zisizo za Shyamalan. Drive ya 2011 ilisifiwa sana na wahakiki ikapata C ya chini, kwa sababu iliuzwa kama filamu ya mbio za magari. It Comes at Night ya 2017 ilisifiwa ikapata D. Kichwa na trela viliahidi kitu kitakachokuja usiku, na hakuna kilichokuja.

Madeni ambayo ni yake

Sitaki mtu atoke hapa akidhani kila lawama ni la idara ya masoko. Lady in the Water ya 2006 ilitangazwa kwa unyofu wa kutosha. Lililoiangusha ni maamuzi ya mwongozaji: alijipa mwenyewe nafasi ya mwandishi ambaye kitabu chake kitaikomboa dunia, na akaweka mhakiki wa filamu asiye na utu anayeishia kuuawa na mnyama. Hata anayempenda, kama mimi, anashindwa kulitetea hilo. Hadithi nayo inasimama kila dakika chache ili mtu aeleze kanuni mpya ya viumbe wake.

The Happening ilitangazwa kama filamu yake ya kwanza iliyozuiwa kwa watoto, na ukali ulioahidiwa ulikuwemo. Kizidishi chake, takriban 2.1, kinafanana na cha The Village, lakini hapa wahakiki wengi na watazamaji waliungana kuikataa: CinemaScore D. Waigizaji wamepewa sentensi ambazo hazisemeki kwa hofu ya kweli, na upepo unaopita kwenye nyasi hauwezi kubeba kitisho kwa dakika tisini.

The Last Airbender ndiyo mbaya kuliko zote, na hakuna trela ya kulaumiwa. Msimu mzima wa katuni ya televisheni iliyoitangulia umebanwa ndani ya filamu moja, hivyo wahusika wanaelezana hadithi badala ya kuiishi. Uteuzi wa waigizaji ulizua malalamiko ya haki kuhusu asili za wahusika. Picha zikageuzwa kuwa za 3D baada ya kupigwa, na giza la miwani likazifanya zififie zaidi. Hapo studio na mwongozaji waliandika deni kwa mkono mmoja.

Kufikia hapo jina lenyewe lilikuwa limegeuka mzigo. Mwaka 2010 trela ya Devil, filamu aliyoiandalia hadithi bila kuiongoza, iliripotiwa kuchekwa kumbini pale jina lake lilipotokea. Mwaka 2013 After Earth, iliyogharimu takriban milioni 130, ilitangazwa kwa trela zisizomtaja kabisa, ingawa aliiongoza. Hiyo ni aina nyingine ya upotoshaji, nayo haizungumziwi vya kutosha: kuficha mtengenezaji ili mnunuzi asikumbuke.

Sheria inakofika

Mtazamaji aliyedanganywa ana njia gani? Nchini Marekani, finyu. Drive ilizaa kesi Michigan, mlalamikaji akisema trela iliahidi mbio za magari, mahakama hazikumkubalia. Kesi iliyosonga mbali zaidi ni ya Yesterday, filamu ya 2019. Mashabiki wawili walioikodi mtandaoni, dola 3.99 kila mmoja, walishtaki Januari 2022 kwa sababu mwigizaji Ana de Armas alikuwamo kwenye trela na hakuwamo kwenye filamu. Studio ilijitetea kwamba trela ni kazi ya sanaa inayolindwa na uhuru wa kujieleza. Desemba 2022 jaji akasema trela ni tangazo la biashara, na sheria za matangazo ya uongo zinaweza kuihusu. Lakini aliuchora mpaka: swali ni kama mwigizaji au sini iliyoonyeshwa imo kwenye filamu, si zaidi ya hapo. Ahadi ya aina ya filamu, ile iliyoiumiza The Village, iko nje ya mpaka huo.

Nukuu za wahakiki kwenye mabango zina historia chafu zaidi. Mwaka 2001 ilifichuka kwamba David Manning, mhakiki aliyenukuliwa akizisifu filamu za Sony, hakuwahi kuwepo: alibuniwa ndani ya idara ya matangazo. Kampuni ililipa jimbo la Connecticut dola 326,000, na mwaka 2005 ikakubali fidia ya dola milioni 1.5, dola 5 kwa kila mtazamaji aliyestahili. Leo hila ni nyepesi zaidi. Kagua hivi: nukuu ya neno moja au mawili imekatwa kutoka sentensi ambayo huenda inasema kinyume, neno la sifa lisilotaja filamu huenda lilimhusu mwigizaji mmoja, na bango lenye nyota nyingi lisilotaja chombo mashuhuri hata kimoja limechuja waliokataa. Tafuta uhakiki mzima. Ni kazi ya dakika mbili.

Kwa trela, zima sauti na uitazame mara ya pili. Bila muziki utaona kama watu wanakimbia kitu au wanakimbia tu. Hesabu ni mara ngapi kitisho chenyewe kinaonekana katika picha moja na mwathirika wake. Filamu ya mazimwi ina picha hizo za kutosha na itatoa walau moja au mbili. Angalia pia midomo: sentensi nzito ikisemwa wakati msemaji haonekani, haijulikani ilisemwa wapi.

Baada ya kuinunua tena sauti yake

The Visit ya 2015 aliigharamia mwenyewe kwa dola milioni 5, kwa kuiweka nyumba yake rehani, na ikaingiza karibu milioni 98. Amesimulia kwamba katika uhariri ilipita matoleo matatu, mojawapo la vichekesho vitupu, na lililotoka ndilo lililokaa katikati ya kicheko na hofu. Naona jambo kubwa hapo. Swali la "hii ni filamu ya aina gani" lilijibiwa kwenye meza ya uhariri, na trela ikapokea jibu lililokwisha kutolewa: vikongwe wa ajabu, wajukuu wenye kamera, kicheko na hofu pamoja. Filamu kadhaa zilizofuata amezitengeneza kwa utaratibu uleule wa bajeti ndogo na pesa yake mwenyewe.

Trap ya Agosti 2024 ilikwenda mbali zaidi. Trela ilisema wazi kile ambacho mwaka 2004 kingefungiwa kabatini: baba mwema aliyempeleka binti yake kwenye tamasha la muziki ndiye muuaji, na tamasha zima ni mtego wa polisi. Wahakiki waligawanyika kama kawaida. Wengine waliona polisi wale ni wazembe mno kuaminika, wengine wakalalamikia theluthi ya mwisho inayotoka nje ya ukumbi, wengine wakamsifu mwigizaji mkuu, Josh Hartnett, kwa tabasamu lisilotulia. Kizidishi kilikuwa kama 2.8, juu ya The Village kwa wikiendi ya kwanza iliyo ndogo mara tatu. Kila moja ya lawama hizo inabaki hata kwa mtu ambaye hakuiona trela, na mwongozaji anaweza kuijibu kwa filamu yake.